Tekenya, panya na miguu yetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukikaribia, familia nyingi za Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa huhamia mashambani. Watu hulala vibandani juu ya mchanga, watoto huokota korosho miguu mitupu, na chini ya magunia panya nao wana makazi yao. Ndipo maswali haya yanapoanza kumiminika. Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya mengine ni hili: tekenya hupigwa vita mguuni, sakafuni na kwa wanyama kwa wakati mmoja. Anayemaliza kazi yote kwa pini, mwakani ataishika pini hiyohiyo.

Tekenya ni mdudu gani hasa?

Ni kiroboto. Wataalamu humwita *Tunga penetrans*, na wengi wetu humwita pia funza. Akiwa mzima ana urefu wa milimita 1 tu, mdogo kuliko viroboto wa paka na mbwa. Dume na jike wote hunyonya damu, lakini anayezama kwenye ngozi ni jike. Hutanguliza kichwa, akazama mwili mzima, akabakiza ncha ya nyuma ikichungulia nje. Kwa kitundu hicho anapumua, anatoa choo na anataga. Dume humfuata hapohapo alipo.

Akishatulia ndani, tumbo lake hujaa mayai na ndani ya wiki moja hadi mbili anafikia ukubwa wa punje ya mbaazi. Mayai huanguka chini. Baada ya siku tatu au nne huanguliwa mabuu madogo yanayokula takataka za udongoni, kisha hujifunga kifukoni na kutoka viroboto wapya. Jike mwenyewe hufa ndani ya ngozi baada ya wiki 4 hadi 6, na ngozi humsukuma nje taratibu.

Kwa hiyo ukiona tekenya mmoja kwenye kidole cha mtoto, fahamu kwamba ardhi anayokanyaga imeshapokea mayai au itayapokea wiki hii.

Mbona anapenda miguu?

Hajui kuruka juu. Anakamata kilicho karibu na ardhi: pembeni mwa kucha, kati ya vidole, kisigino, wayo. Mtoto anayetambaa au mgonjwa anayelala chini anaweza kuingiwa mikononi, kwenye viwiko, hata makalioni. Anayehudumia mgonjwa wa kulala chini amkague mwili mzima.

Panya wanahusika vipi?

Wanahusika, ila hawako peke yao. Tekenya hachagui sana: huingia kwa binadamu, nguruwe, mbwa, paka, mbuzi, na kwa panya pia. Huko Brazili, katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, panya wa majumbani wamekutwa wakiwa na tekenya miguuni kama watoto wa nyumba hizohizo. Utafiti wa Bugiri, Uganda, ulionesha kwamba mnyama aliyeongoza kwa kubeba tekenya huko ni nguruwe.

Ubaya wa panya ni namna anavyoishi. Mbwa unaweza kumfunga, nguruwe ukamwekea banda, lakini panya anaingia usiku mpaka chini ya kitanda na kwenye ghala, na haombi ruhusa ya kutoka shambani kuja chumbani. Kila anapopita anaweza kudondosha mayai pale ambapo wewe ulishafagia. Ndiyo maana nyumba moja inatibu watoto vizuri kabisa, na mwezi unaofuata tekenya wamerudi.

Kwa hiyo weka magunia ya korosho, mahindi na mbaazi juu ya chaga, mbali na ukuta. Ziba matundu. Usiache pumba na makapi yarundikane pembeni mwa nyumba. Mitego ni salama kuliko sumu mahali penye watoto na kuku. Panya akifa, usimshike kwa mkono mtupu; mchukue kwa jembe au mfuko, mfukie kwa kina au mchome.

Sisi tunakula samaki nchanga, yaani panya wa shambani. Tutapata tekenya kwa kula?

Hapana. Tekenya hapiti tumboni. Anaingia kwa ngozi, akiwa hai, kutoka ardhini. Panya aliyepikwa akaiva hana tekenya wa kukupa.

Hatari iko kwenye kuwinda na kuchuna. Anayechimba mashimo ya panya miguu mitupu anakanyaga udongo ambao wanyama wamelala. Anayemchuna panya akiwa na jeraha mkononi anajiweka kwenye magonjwa mengine kabisa, yanayopita kwa damu na mkojo. Siwezi kumwambia mtu wa kwetu aache kitoweo cha babu zake, na sioni sababu ya kufanya hivyo. Ninachosema ni hiki: vaa viatu unapochimba, funika jeraha, nawa kwa sabuni ukimaliza kuchuna, na nyama iive.

Je, tekenya ndiyo ile homa ya mgunda ya Ruangwa?

Hapana, ingawa panya yumo kote kuwili. Homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi Julai 2022, ambapo watu 3 walifariki, inasababishwa na bakteria. Bakteria hao hukaa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, na humwingia mtu kwa maji au udongo wenye mkojo huo, kupitia jeraha, macho au mdomo. Mgonjwa anapata homa, maumivu ya kichwa na mwili, na wale wa Ruangwa wengine walitoka damu puani. Tekenya peke yake haleti homa. Ukiwa na tekenya na ukaanza homa kali, usiseme "ni hawa tekenya tu", nenda ukapimwe.

Wengine huuliza pia kuhusu tauni, kwa sababu ya zile habari za Lushoto tangu mwaka 1980. Tauni inaletwa na viroboto wengine wa panya. Tekenya hahusiki nayo.

Mtoto ana jipu mgongoni, anasema kitu kinacheza ndani. Ni tekenya?

Mgongoni, na kinacheza? Uwezekano mkubwa huyo ni buu la nzi. Tekenya akishaingia hatembei.

Nzi huyu, *Cordylobia anthropophaga*, ndiye hasa wa panya: panya wa porini na wa majumbani ndio wanaomlea, pamoja na mbwa, na binadamu anaingia kwa bahati mbaya. Nzi jike hutaga kwenye mchanga wa kivulini wenye mkojo au choo, au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa. Mayai huanguliwa, buu hungoja joto la mwili, na mtu akivaa nguo ile au akilala kwenye mchanga ule, linapenya bila kuuma sana. Baada ya siku kadhaa linatokea jipu lenye tundu juu. Ukitazama vizuri tundu linatoa majimaji na kitu kinasogea.

Usilikamue jipu hilo kwa nguvu likiwa changa, maana buu likipasukia ndani jeraha linavimba. Pakaza vaselini nene juu ya tundu ili likose hewa. Baada ya muda hujitokeza lenyewe kutafuta pumzi, na hapo mhudumu wa afya anaweza kulivuta taratibu. Likiwa kwa mtoto mchanga, au karibu na jicho, nenda kituoni moja kwa moja.

Kinga yake ni pasi. Nguo zote, nepi na kanga za kubebea mtoto zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, na mishono isisahaulike. Zianikwe juani kwenye kamba, siyo kwenye majani wala mchangani, na zisilale nje. Najua mkaa ni gharama. Kama huwezi kupiga pasi kila kitu, anza na nguo za mtoto mchanga.

Nitamtambuaje tekenya mwenyewe?

Siku ya kwanza ni doa jekundu linalowasha. Baadaye unaona uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati, unauma ukikanyaga, na usiku unawasha mpaka usingizi unakatika. Mwisho panabaki gamba jeusi. Mtoto anayetembelea visigino, au anayekataa ghafla kucheza mpira na wenzake, mvue viatu umwangalie kabla ya kumgombeza.

Mama zetu wametutoa tekenya kwa pini na mwiba wa mlimau miaka yote. Ubaya uko wapi?

Mkono wa mama una ustadi, hilo nalikubali. Ubaya uko kwenye pini.

Pini moja inapita kwa watoto wanne wa nyumba moja na wawili wa jirani. Inatoa damu kwa kila mmoja. Virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI vinaweza kupita kwa njia hiyo. Halafu jeraha linalobaki ni shimo, na mtoto anarudi mchangani nalo wazi. Pepopunda iko udongoni. Bakteria wa usaha wako kwenye ngozi yake mwenyewe. Nimeona kucha zilizong'oka na vidole vilivyopinda kwa sababu ya kutumbuliwa kila jioni. Tena tekenya akikatikia ndani, mabaki yanaleta uvimbe mkali kuliko yeye mwenyewe alipokuwa mzima.

Kama hakuna njia nyingine kabisa na ni tekenya mmoja au wawili: osha mguu kwa sabuni, tumia sindano mpya kutoka duka la dawa kwa mtu mmoja tu, panua kitundu taratibu umtoe mzima, safisha tena, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Sindano itupwe chooni au kwenye chombo kigumu. Wakiwa wengi, waachie wahudumu wa afya. Mtoto mwenye tekenya ishirini akitolewa wote kwa siku moja huku ameshikiliwa na watu watatu anaumia mwili na moyo, na mwaka unaofuata atawaficha.

Mafuta ya taa, petroli, au salfa ya mikorosho?

Hapana kwa zote. Mafuta ya taa na petroli huunguza ngozi, na yako karibu na moto wa jikoni. Salfa imetengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho, si kwa ajili ya jeraha la mtoto. Zile dawa za maji za kuulia mbu wa mikorosho ni hatari zaidi, kwa sababu sumu yake inapenya hata kwenye ngozi nzima, sembuse yenye matundu.

Tunameza kingatiba za matende kila zinapoletwa. Mbona haziwaui tekenya?

Swali zuri sana. Katika dawa hizo mna ivamektini, ambayo inasaidia kwa minyoo ya matende na hata upele. Kwa tekenya ilijaribiwa kwa kumezwa, na waliomeza hawakupata nafuu kuliko wasiomeza. Endelea kumeza kingatiba kwa ajili ya matende. Usizingoje zikutolee tekenya.

Na kama tayari una mguu wa matende, au una kisukari, usijitoe tekenya nyumbani hata mmoja. Jeraha dogo kwenye mguu huo linakuwa kidonda cha miezi.

Basi dawa inayofanya kazi ni ipi?

Iliyoonesha matokeo mazuri kuliko zote ni dimetikoni, mafuta mepesi ya kupaka ya jamii ya silikoni. Hayana sumu ya kuua wadudu ndani yake. Yanapenya kwenye kile kitundu cha nyuma na kuziba njia ya pumzi. Katika utafiti uliofanyika Kenya, karibu tekenya 8 katika kila 10 waliopakwa walikuwa wamekufa ndani ya siku 7, bila kisu wala sindano. Kisha ngozi inawatoa yenyewe. Usitegemee kuikuta kila zahanati, lakini uliza, na uliza kwa jina. Dawa isiyoulizwa haiagizwi.

Pasipo dimetikoni, mhudumu atamtoa tekenya kwa vifaa safi, atafunga jeraha na kuangalia suala la pepopunda. Kuloweka miguu kwenye maji ya zambarau ya pamanganeti kunasafisha vidonda, ila kwa kumuua tekenya ni dhaifu.

Mafuta ya nazi je?

Kama kinga, yana nafasi yake. Brazili na Madagaska ilijaribiwa dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi, jojoba na mshubiri. Watu walioipaka miguuni mara mbili kwa siku waliingiwa na tekenya wachache sana. Mafuta yetu ya nazi ya Mikindani au Kilwa siyo dawa ileile, kwa hiyo siahidi matokeo yaleyale. Lakini hayana madhara, yanalainisha ngozi iliyopasuka, na kule kumpaka mtoto miguu asubuhi na jioni kunakulazimisha kuitazama. Tekenya anayeonekana siku ya kwanza si taabu.

Nyumba yangu ni ya udongo. Nifanye nini na sakafu?

Hapa ndipo vita ilipo. Mabuu yanaishi juujuu, kwenye sentimita chache za kwanza za udongo mkavu uliolegea, hasa pale watu wanapolala, maana ndipo mayai yanapoanguka usiku kucha. Kiangazi ndicho kinachowafaa. Mvua zikianza wanapungua.

Saruji ni suluhisho bora, hata ikiwa ni chumba cha watoto peke yake kwanza. Mnada wa korosho ukikaa vizuri, mimi ningemshauri baba mwenye nyumba anunue mifuko ya saruji ya chumba hicho kabla ya redio. Kama haiwezekani, kandika sakafu kwa udongo wa mfinyanzi mpaka iwe ngumu na bila nyufa, na irudie ikianza kumeguka. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Kwa wenzetu wa juu Makonde, Newala na Tandahimba, najua kila ndoo ina hesabu yake. Tumia maji yaliyokwisha kufulia au kuoshea vyombo. Takataka ulizofagia zichomwe, usizisukume uani kwa jirani.

Mikeka na majamvi yatoke juani mchana. Kitanda cha kamba, hata kifupi, ni bora kuliko mkeka chini.

Shambani nako usipasahau. Kibanda cha kuangalizia korosho kinalaliwa miezi kadhaa, kisha kinaachiwa panya mpaka mwaka mwingine. Mkirudi, kwanguweni udongo wa juu, mwagieni maji na mshindilie kabla ya kutandika.

Na wanyama?

Wakague miguu kama unavyowakagua watoto: mbwa wa kuwindia kati ya makucha, nguruwe kwenye kwato, mbuzi vilevile. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza dawa ya kupaka au kunyunyiza na kipimo chake. Wasilale chumba kimoja na watu.

Kijana wetu yuko jandoni. Tuna haja ya kuwa na wasiwasi?

Kuna haja ya kuzungumza na wanaowalea vijana. Vijana wanakaa wengi pamoja, karibu na ardhi, mara nyingi kiangazi, na mila inawataka wavumilie maumivu. Tekenya ananufaika na uvumilivu huo. Nimekuta wazee wasikivu sana: wakishaelezwa habari ya pepopunda, wanakagua miguu kila jioni, kila kijana na kifaa chake. Mila haipungui kitu.

Wanasema tekenya ni ugonjwa wa wachafu. Ni kweli?

Kauli hiyo imeumiza watoto wengi kuliko tekenya wenyewe. Mtoto anayelala kwenye sakafu ya mchanga ataingiwa hata akioga mara tatu kwa siku. Ni ugonjwa wa sakafu, viatu na maji, na hivyo vyote vinanunuliwa kwa fedha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliingiza upele na maradhi mengine ya wadudu wa ngozi, tekenya akiwemo, katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Ombi langu kwa walimu: msimsimamishe mtoto mstarini mbele ya wenzake mkaonesha miguu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtoto aliyechekwa ataficha. Mwite pembeni, mtume kwa mhudumu wa afya, mzungumze na mzazi.

Ametoka wapi mdudu huyu? Bibi anasema zamani hakuwepo.

Bibi ana kumbukumbu za waliomtangulia, na yuko sahihi. Asili ya tekenya ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazili ikatia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na mchanga wa kuiweka sawa majini. Mchanga ukashushwa pwani, na tekenya nao. Kwa miguu ya wapagazi, askari na misafara walivuka bara zima, na karne ya 19 haikuisha kabla hawajafika Zanzibar.

Ndugu yangu anafanya kazi Saudia, ana kidonda cha usoni na wameambiwa kinatokana na panya wa jangwani. Ndiyo huyuhuyu?

Hapana, hiyo ni lishimania. Kimelea chake kinaishi kwa panya wa jangwani na kinaletwa kwa mtu na inzi mdogo wa mchanga anayeuma usiku. Kidonda hukaa sehemu isiyofunikwa na nguo, mara nyingi hakiumi sana, na hakiponi kwa wiki wala miezi. Hata Kenya, kule Baringo, kimelea hicho kimepatikana kwa panya. Hakiingii kwa kukanyaga mchanga. Atibiwe huko aliko, na akirudi na kovu lililofunga hawezi kuambukiza nyumba.

Lini niache kungoja na kwenda kituoni?

Mguu ukivimba, ukitoa usaha au harufu. Mstari mwekundu ukipanda juu ya mguu, au mitoki ya kinena ikivimba. Homa. Mtu kushindwa kutembea. Taya likikaza au shingo kukakamaa, hiyo ni dharura, usiku uleule: hospitali, si zahanati, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, yoyote iliyo karibu nawe.

Mtoto alichanjwa pepopunda utotoni. Bado anahitaji?

Kinga ya chanjo za utotoni hupungua na miaka. Nenda na kadi yake ya kliniki ili mhudumu aone dozi ngapi alipata na lini. Kama kadi imeliwa na mchwa au imepotea, mwambie hivyo waziwazi. Ataamua kama achanjwe tena.